Sindano za steroidi kwa uvimbe wa viungo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ikitajwa sindano ya steroidi, watu hugawanyika. Kuna anayeapa kwamba haitaingia mwilini mwake kamwe, kwa kuwa amesikia inaozesha mifupa. Na kuna aliyechomwa mara moja, akalala usingizi mnono baada ya miezi ya kuugulia, na sasa anaitaka kila maumivu yanapobisha hodi. Wote wawili wanakosea kwa namna moja: wanaiona sindano hii kama kitu kimoja chenye tabia moja. Dawa ileile ina faida na hatari tofauti ikiwekwa ndani ya kiungo, ikiwekwa kando ya kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa), au ikichomwa kwenye makalio ili izunguke mwili mzima. Dhana nyingi zinazotembea huzaliwa hapo: mtu hajauliza inachomwa wapi, kwa ajili ya nini, na ni mara ya ngapi.

"Si ndizo zile za kujaza misuli?"

Sizo. Zile za wanyanyua vyuma huiga testosteroni. Za kutuliza uvimbe ni kotikosteroidi, nazo huiga kotisoli, homoni ambayo mwili hujitengenezea kila siku katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Hazijazi misuli, zikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu huidhoofisha.

Mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani, Philip Hench na wenzake walimchoma kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa amelemewa na ugonjwa, na ndani ya siku chache akaanza kutembea kwa nafuu kubwa. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Furaha haikudumu sana, kwa sababu dawa ilipotumika mwili mzima kwa muda mrefu madhara yalijitokeza: uso kujaa, sukari kupanda, mifupa kudhoofu. Mwaka 1951 Joseph Hollander akaripoti njia nyingine, ya kuiweka haidrokotisoni ndani ya kiungo chenyewe, ili dozi ndogo ifanye kazi pale penye shida na sehemu nyingine za mwili ziguswe kidogo tu. Wazo hilo ndilo linalobeba tiba hii hadi leo.

Mwanamichezo anayepimwa dawa asijifariji, lakini, kwamba hizi si za misuli. Tangu Januari 2022, WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, imepiga marufuku kotikosteroidi za sindano za namna yoyote wakati wa mashindano, hata ile ya kwenye goti.

"Inarudisha ute wa magoti"

Sindano ya steroidi haina ute wowote. Ile ambayo watu huifananisha nayo ni sindano ya asidi ya hayaluroni, ambayo ni nzito kama jeli na ni tiba nyingine kabisa. Kazi ya steroidi ni kuutuliza utando unaozunguka kiungo kwa ndani pale unapovimba. Na kiungo kilichovimba mara nyingi hakijakaukiwa. Kimejaa majimaji kupita kiasi, kiasi kwamba daktari huyavuta kwanza kabla ya kuweka dawa.

Kama unachomwa goti, yatazame majimaji hayo yanapoingia kwenye bomba la sindano. Yakiwa angavu, ya manjano hafifu, kazi inaendelea. Yakiwa mazito na yenye ukungu, daktari makini huweka steroidi pembeni na kuyapeleka maabara kwanza, maana huenda ni usaha. Kuweka steroidi juu ya usaha ni kuwafungulia bakteria mlango na kuwazimia walinzi taa.

"Maumivu yameisha, kwa hiyo nimepona"

Katika dhana zote, hii ndiyo inayowagharimu watu zaidi.

Nafuu ya saa za mwanzo kwa kawaida si ya steroidi. Ni ya ganzi, mara nyingi lidokaini, iliyochanganywa humo. Ganzi ikiisha maumivu hurudi, na mtu hudhani ameibiwa. Steroidi yenyewe huanza kuonekana baada ya siku mbili tatu, wakati mwingine wiki nzima. Kisha hufuata wiki kadhaa za utulivu, kwa wengine miezi. Lakini kilichotulizwa ni uvimbe. Gegedu, ule utandiko laini wa ncha za mifupa, ikiwa imelika bado imelika. Asidi ya uriki inayoleta jongo bado iko juu kwenye damu. Kano iliyochoshwa na kazi bado imechoka, na sasa haiumi, kwa hiyo mwenye nayo anaibebesha mzigo uleule.

Mfano wa kiwiko unaeleza vizuri. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichapisha utafiti wa watu 165 wenye maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, yale yanayoitwa kiwiko cha tenisi hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika raketi. Sindano ya steroidi husifika kwa nafuu ya wiki za mwanzo katika tatizo hilo. Ndani ya mwaka mmoja, asilimia 54 ya waliochomwa steroidi walikuwa wamerudiwa na maumivu, dhidi ya asilimia 12 ya waliochomwa sindano isiyo na dawa. Nafuu ya haraka ililipwa baadaye, tena kwa riba.

Kwenye goti habari ni tofauti kidogo. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa watu 140 wenye goti lililolika, nusu wakichomwa steroidi iitwayo triamsinoloni na nusu maji ya chumvi, kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili. Waliopata steroidi walipoteza gegedu zaidi, na mwishoni maumivu yao hayakuwa na tofauti na ya wenzao. Watetezi wa sindano hujibu kwamba maumivu yalipimwa kila baada ya miezi mitatu, wakati dawa ilishaisha nguvu, kwa hiyo nafuu ya wiki za mwanzo haikuonekana. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo inathibitisha jambo lilelile: nafuu hii ina mwisho, na kuirudia kwa ratiba kama mtu anayelipa kodi ya nyumba hakulijengi goti.

Kwa hiyo wiki za utulivu ni za kutumia. Ndipo mtu anaweza kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja ambayo maumivu yalikuwa yanamzuia, kupunguza uzito, kubadilisha namna anavyonyanyua vitu, kuanza dawa ya kushusha asidi ya uriki. Siku moja au mbili za mwanzo upumzishe kiungo, usikimbilie kazi nzito kwa kuwa tu hakiumi, kisha uanze taratibu.

"Basi ni sumu, bora kuikimbia"

Huku nako ni kupitiliza. Kidole kinachonasa kikikunjwa, kile unachokinyoosha kwa mkono mwingine hadi kilie "tak", mara nyingi hupona kwa sindano moja iliyowekwa mahali pake, bila upasuaji. Mwenye jongo na figo dhaifu, ambaye dawa za maumivu kama diklofenaki na ndugu zake hazimfai, anaweza kuokolewa na sindano ndani ya kiungo kimoja kilichowaka. Bega linaloanza kuganda huwa na nafuu kubwa likichomwa mapema, maumivu yakiwa bado makali. Watoto wenye ugonjwa wa viungo wa kudumu pia huchomwa, na kuwanyima kwa sababu ya hofu ya jirani ni kuwaacha viungo vyao viharibiwe na uvimbe wenyewe.

Madaktari wengi hawavuki sindano tatu au nne kwa mwaka katika kiungo kimoja, na huacha miezi mitatu hivi katikati. Hiyo ni dari, si lengo. Kama mbili za kwanza hazikusaidia, sioni sababu ya ya tatu. Hapo uchunguzi ndio unaotakiwa kurudiwa. Na ukichomwa goti huku, bega kule, kiwiko kwa daktari wa tatu, mwili unajumlisha zote hata kama kila daktari anaijua yake tu. Andika tarehe, jina la dawa na kiasi chake.

Kuna mahali pa kukataa kabisa. Dawa haiingizwi ndani ya kano yenyewe, na kano ya kisigino ndiyo inayoogopwa zaidi, kwa kuwa inaweza kukatika. Haipitishwi kwenye ngozi yenye jipu au kidonda. Kiungo bandia hakichomwi hivihivi. Na anayengoja kubadilishiwa goti au nyonga amwambie daktari wake wa upasuaji kuhusu sindano yoyote, kwa sababu wengi husubiri walau miezi mitatu kupunguza hatari ya maambukizi.

"Sindano ni sindano, hata ya makalio"

Hapa ndipo ninapokunja uso. Deksamethasoni, steroidi ya makalio, inayochomwa kwa mtu ambaye hakuna aliyejua anaumwa nini, si tiba ya kiungo. Inaingia kwenye damu na kwenda kila mahali. Homa inashuka, mwili unachangamka, hamu ya kula inarudi, na mgonjwa anamsifu aliyemchoma. Chini yake maambukizi yanaendelea kimyakimya, kwa sababu steroidi ni hodari wa kuficha maradhi. Zikirudiwarudiwa, kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka, vivyo hivyo homa ya ini aina ya B. Kuna hata minyoo, strongiloidi, ambayo mtu hukaa nayo miaka bila kuijua, kisha kinga ikishushwa husambaa mwilini na kuua.

Tezi za juu ya figo nazo husinzia zikiona kotisoli inaletwa kutoka nje. Zikisinzia kwa muda, mtu akiugua sana au akifanyiwa upasuaji, mwili unakosa homoni yake wakati unapoihitaji mno: udhaifu, kutapika, presha kushuka. Aina zinazoyeyuka polepole, kama triamsinoloni, hukaa wiki kadhaa. Kidonge unaweza kuacha kukimeza. Sindano ikishaingia haichomolewi.

Wanaotumia ARV wana jambo la ziada ambalo hata baadhi ya wahudumu hulisahau. Ritonaviri na kobisistati, dawa zinazoongezwa kwenye baadhi ya ARV, huzuia ini kuivunja triamsinoloni na baadhi ya steroidi nyingine. Sindano moja tu ya goti inaweza kujikusanya mwilini na kumfanya mtu avimbe uso, apande sukari, na tezi zake zizimike kwa wiki au miezi. Dolutegraviri haina tabia hiyo. Kama unaona haya kutaja dawa zako mbele ya watu, omba faragha, lakini zitaje.

Usafi wa dawa yenyewe nao si jambo dogo. Mwaka 2012 nchini Marekani, steroidi iitwayo methiliprednisoloni iliyochanganywa katika kiwanda kimoja cha Massachusetts ilikuwa na kuvu. Wengi walichomwa karibu na uti wa mgongo. Zaidi ya watu 750 waliugua na zaidi ya 60 wakafa. Chupa ya dozi moja ni ya mtu mmoja, na una haki ya kuona ikifunguliwa. Usishtuke ukiona dawa ni nyeupe. Aina nyingi ndivyo zilivyo, na hutikiswa kabla ya kuvutwa.

"Mwenye kisukari haruhusiwi"

Anaruhusiwa, ila sukari itapanda kwa siku kadhaa, hata wiki. Apange mapema na daktari wake, apime mara nyingi zaidi, na kama sukari tayari iko juu sana, sindano isubiri. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi asiziache kwa uamuzi wake. Mara nyingi kiungo huchomwa bila kuziacha.

"Nimezidi kuumwa baada ya kuchomwa, wameniharibu"

Huenda sivyo. Baadhi ya watu huwaka siku ya kwanza au ya pili, dawa yenyewe ikikisumbua kiungo, kisha hali hutulia kwa barafu na dawa ya kawaida ya maumivu. Uso kuwa mwekundu na wenye joto kwa siku chache hutokea, na kwa wanawake hedhi inaweza kuvurugika mwezi huo. Ngozi juu ya mahali palipochomwa inaweza kubonyea au kupauka baada ya wiki kadhaa, jambo linaloonekana zaidi kwenye ngozi nyeusi na kwenye sehemu zisizo na nyama, kama kifundo cha mkono. Mara nyingi hurudi, lakini huchukua miezi, na ni bora uambiwe kabla.

Kinachotakiwa kukutisha ni maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua baada ya siku hizo mbili, kiungo kilichovimba zaidi na kuwa cha moto, kushindwa kukikunja, homa au kutetemeka. Maambukizi ndani ya kiungo ni nadra, lakini huharibu gegedu kwa siku chache. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na usimeze antibiotiki zilizobaki nyumbani kabla majimaji hayajavutwa na kupelekwa maabara, kwa sababu zinaweza kumficha bakteria anayetafutwa.