Dhana potofu kuhusu kujifunza Kijapani chuo kikuu, na ukweli wake kwa mwanafunzi wa Lubumbashi

Jumamosi alasiri, chini ya mwembe wa uani kwetu, hukaa vijana wanne au watano wenye madaftari ya miraba, ambao wanajiandaa kusoma Kijapani chuo kikuu au wameshaanza na wamekwama. Mimi nilianzia lugha hiyo chuoni, bila kujua hata herufi moja, nikaifikisha ngazi ya kati, na sasa ninawapa hao wadogo zangu kile kidogo nilichokipata. Nimegundua kwamba wengi wanaoacha huacha mapema sana, kabla lugha yenyewe haijawafikisha mahali pagumu, kwa sababu walikuja wamebeba maneno ya watu. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi hapa Lubumbashi, na ninaona ni haki yao kuyapima kabla ya kuyaamini.

"Ile luga iko nguvu kupita zote." Hili ndilo la kwanza, yaani kwamba Kijapani ni kigumu kuliko lugha zote, na mara nyingi msemaji huongeza kwamba Wamarekani wenyewe wamelithibitisha. Ni kweli kwamba taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia lugha za kigeni hukadiria Kijapani kwa saa 2200 za darasa. Lakini makadirio hayo yanamhusu mtu aliyekulia katika Kiingereza, na shabaha yake ni lugha ya kufanyia kazi ya kidiplomasia, ambayo ni mbali kuliko ngazi ya kati. Taasisi hiyo hiyo inakadiria Kiswahili kwa saa 900 hivi, hesabu ambayo haina maana yoyote kwa mtoto wa mtaa wetu wa Katuba aliyekisikia tangu mgongoni mwa mama yake. Kwa hiyo saa hizo zinapima umbali kati ya Kiingereza na lugha nyingine, na mtu wa Lubumbashi haanzii hapo.

Anayetaka hesabu inayomfaa aangalie mtihani wa kimataifa wa Kijapani unaoitwa JLPT. Kabla haujabadilishwa mwaka 2010, ulikuwa na ngazi nne, na waandaaji walizikadiria kwa saa 150, 300, 600 na 900 za masomo. Saa 300, pamoja na maneno kama 1500 na kanji kama 300 (zile alama zinazobeba maana), zilikuwa mwisho wa hatua ya wanaoanza. Saa 600 zilikuwa ngazi iliyofuata. Kozi ya chuo yenye saa 10 kwa wiki na mihula miwili ya wiki 15 inatimiza saa 300 kwa mwaka mmoja, mradi mwanafunzi asome pia nyumbani. Ni kazi ya kweli, wala sitaki kumficha mtu, lakini ni kazi yenye mipaka inayoonekana.

Dhana ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inatoka kwetu wenyewe. Watu wengi wanaamini kwamba mlango wa kuingilia Kijapani ni Kifaransa, au Kiingereza, na kwamba Kiswahili kibaki nyumbani na sokoni. Mwanafunzi aliyesomeshwa kwa Kifaransa tangu shule ya msingi hufungua somo la kwanza na kila kitu anakipitisha huko. Matokeo yake huonekana siku ile ile. Neno *chizu*, yaani ramani, analisoma "shizu", tena kwa ile u ya Kifaransa inayochongoza midomo. Lakini maandishi ya Kilatini yanayotumiwa zaidi kuandika Kijapani, yale yaliyotokana na kamusi ya daktari mmishenari wa Kimarekani James Curtis Hepburn ya mwaka 1867, yanaandika ch, sh, j, y, z na w karibu kabisa kama Kiswahili kinavyoziandika. Irabu ni tano, zile zile zetu: a, e, i, o, u. Silabi karibu zote huishia kwa irabu. Ninawaambia wasome kama wanavyosoma Kiswahili, na makosa mengi ya matamshi hutoweka kabla ya saa kuisha.

Hata urefu wa irabu, ambao vitabu huuonya sana, kwetu si mgeni. Anayejua kwamba *kufa* na *kufaa* ni mambo mawili, na kwamba *kata* si *kataa*, ana sikio tayari la kutofautisha *obasan*, ambaye ni shangazi au mama mdogo, na *obaasan*, ambaye ni nyanya.

Halafu njoo kwenye sarufi. Kifaransa hakina njia nyepesi ya kueleza *kore*, *sore* na *are*, ndiyo maana walimu huchora picha za watu wawili na kitu kilichowekwa karibu au mbali. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amezikariri picha hizo wiki nzima bila kuridhika. Nilichukua kalamu yangu nikasema "hiki", nikaonyesha kitabu kilichokuwa mkononi mwake nikasema "hicho", nikaonyesha ndoo iliyokuwa bombani nikasema "kile". Alinyamaza kidogo, akaichukua ile karatasi ya picha akaigeuza upande wa pili, akaandika maneno matatu tu. Hakukosea tena.

Vivyo hivyo kwa vitenzi. Kiswahili hurefusha kitenzi kwa kukiongezea viungo: kula, kulisha, kulishwa. Kijapani hufanya kazi ya namna hiyo: *taberu*, *tabesaseru*, *tabesaserareru*, ingawa maana hazilingani nukta kwa nukta, kwa kuwa neno la mwisho ni kulazimishwa kula. Tofauti kubwa ni kwamba sisi tunabandika nafsi, wakati na ukanushi hasa mbele ya mzizi, nao wanabandika wakati na ukanushi nyuma, wala nafsi hawaibandiki kabisa: *tabemashita* ni nilikula, ulikula au alikula, na mazungumzo ndiyo yanayosema ni nani. Mtu asiyeshangaa kusema watu watatu, vitabu vitatu na miti mitatu hana sababu ya kushangaa kwamba Kijapani nacho huhesabu kwa kufuata aina ya kitu: *sannin* kwa watu, *sansatsu* kwa vitabu, *sanbon* kwa vitu virefu kama penseli. Na ile sentensi maarufu ya walimu wa sarufi, *zō wa hana ga nagai*, inayowasumbua wanaoitafuta kwa Kifaransa, kwa Kiswahili ni "tembo, mkonga wake ni mrefu", jambo ambalo tunalisema kila siku bila kufikiri. Sisemi kwamba Kijapani na Kiswahili ni ndugu, kwa sababu si ndugu. Ninasema kwamba aliye na Kiswahili ana ngazi ukutani, na ni hasara kuiacha akaenda kuazima ya jirani.

Kuhusu maandishi, watu husema lazima kwanza ujue alama maelfu ndipo uanze kusoma. Kijapani kina herufi za silabi za aina mbili, hiragana 46 za msingi na katakana 46, na mwanafunzi mwenye bidii huzimudu zote katika wiki chache. Zinahitaji uangalifu wa mkono: katika katakana, ツ na シ zinafanana mpaka ujue kwamba vistari vya ya kwanza vimepangwa juu na mkono unashuka, na vya ya pili vimepangwa kushoto na mkono unapanda. Kanji ndizo nyingi. Orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina kanji 2136 tangu mwaka 2010, lakini mtoto wa Kijapani hupewa 1026 kwa miaka sita yote ya shule ya msingi, hivyo hakuna anayemdai mwanafunzi wa mwaka wa kwanza afike huko. Tena hazikuundwa ovyo. Mti ni 木, miti miwili 林 ni kijisitu, mitatu 森 ni msitu, na mtu aliyeegemea mti, 休, ni kupumzika.

Msichana mmoja alikuja siku moja na karatasi aliyonakilia kibandiko kilichokuwa kwenye mlango wa basi dogo la Hiace alilopanda kutoka Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Mabasi hayo yanatufikia yakiwa yametumika Japani, na vibandiko vyake hubaki. Aliandika 自動ドア. "Yaya," aliniuliza, kama tunavyomwita ndugu mkubwa huku, "hizi mbili za mwisho si *do* na *a*? Mbona wameandika doa, kama doa la nguo?" Alikuwa amesoma sawasawa. *Doa* ni mlango, neno lililotoka Kiingereza, na katakana ndiyo inayoandika maneno ya aina hiyo. Kanji mbili zilizotangulia ni "mwenyewe" na "kusogea": mlango unaojiendesha. Ukiongeza gari, 車, unapata 自動車, yaani motokaa. Alikuwa na wiki ya tano tu ya masomo, na tayari mji wake ulikuwa umeanza kumpa mazoezi.

Katuni za Kijapani nazo zimezaa dhana yake. Kijana anayezitazama kila usiku huamini kwamba amekwisha kujifunza kusema, na kweli sikio lake huwa limefunguka. Lakini wahusika wengi wa katuni huongea lugha ya kishujaa au ya ugomvi, na anayemwita mwalimu wake *omae*, "wewe" ya dharau, amemtukana. Chuo huanza na lugha ya adabu yenye *desu* na *masu*, kisha hupanda hadi lugha ya heshima, ambapo mwenyewe "ninakula" ni *itadaku* na mkubwa "anakula" ni *meshiagaru*. Watu wa Lubumbashi wanaliingia somo hili kwa urahisi, kwa kuwa wamezoea kuweka "ba" ya heshima mbele ya mtu mmoja, kama Kibemba kilivyotufundisha. Wasisahau jambo moja tu: *-san*, neno la heshima linalofuata jina, mtu hajipi mwenyewe.

Wapo wanaosema kwamba Japani ya sasa husomesha kwa Kiingereza, hivyo Kijapani ni kupoteza muda. Programu za Kiingereza zipo, hasa za shahada ya uzamili. Hata hivyo, mwenye ruhusa ya kufanya kazi ndogo, ambayo kwa mwanafunzi haizidi saa 28 kwa wiki, huulizwa Kijapani mlangoni, na barua ya ofisi ya manispaa haiji kwa Kiingereza cha profesa. Serikali ya Japani yenyewe huwapa wengi wa wanafunzi inaowafadhili miezi sita ya Kijapani, na wa shahada ya kwanza mwaka mzima. Wala lugha hiyo haikuwa mgeni hapa Katanga: kampuni ya Kijapani ya Nippon Mining ilichimba shaba Musoshi, karibu na Kasumbalesa, katika miaka ya 1970.

Cheti cha JLPT nacho kisitukuzwe kupita kiasi. Kina ngazi tano, kutoka N5 ya chini hadi N1 ya juu, na N3 ndiyo daraja la kuingilia ngazi ya kati. Hupimwa msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza, kwa kuchagua jibu. Kusema hakupimwi, kuandika insha hakupimwi. Nimewaona wenye N3 wasioweza kueleza kwa sentensi tatu kwa nini wamechelewa darasani. Wanafunzi wangu husimama kila Jumamosi na kusimulia juma lao kwa dakika mbili bila karatasi, na hilo halina mbadala.

Inabaki dhana ya wale waliomaliza mwaka wa kwanza vizuri, kwamba ngazi ya kati ni mwendo ule ule na maneno mengi zaidi. Hapo ndipo wengi hukwama. Sentensi hurefuka, na maelezo yote hutangulia jina linaloelezwa. Sisi tunasema "samaki ambaye mama alimnunua jana sokoni". Kijapani husema *haha ga kinō ichiba de katta sakana*, na samaki haonekani mpaka mwisho. Nimewazoesha kusoma hadi waone kitenzi kikifuatwa moja kwa moja na jina, wasimame hapo, kisha warudi nyuma.

Mwezi uliopita yule msichana wa kibandiko, ambaye sasa yuko mwaka wa pili, alileta kifungu chenye maneno *haha ga yonde kureta*. Alikuwa amekifasiri kwa Kifaransa kwamba mama alisoma, na *kureta* ameiacha, kwa kuwa hakuona pa kuiweka. Nilimkumbusha kwamba *kureru* hutumika pale mtu anapotoa kitu au wema kuja upande wangu, kwa hiyo "mimi" imo ndani ya kitenzi hata kama haikutajwa. Alikifuta alichoandika, akafikiri, akaandika neno moja kwa Kiswahili: *alinisomea*.