Spinnerei ya Leipzig: acheni kuniambia "hii haituhusu"

Wiki iliyopita tena. Nimesimama na wageni wangu getini pale Spinnerei, kiwanda cha zamani cha kusokota pamba magharibi ya Leipzig, Ujerumani, ambacho sasa ni studio za wasanii na galari, hata sijaanza kueleza, kijana mmoja ananiambia "kaka hii ni historia ya Wajerumani, we tuoneshe tu pa kupiga picha". Natembeza watu wanaoongea Kiswahili pale, wanafunzi, ndugu za watu waliokuja kutembea, watu wa semina, na hiyo sentensi naisikia karibu kila kundi, imenichosha kweli, bora niiandike nimalize.

"Ni mambo ya Wajerumani, sisi hatuna letu pale"

Mnalo. Kiwanda kimeanzishwa 1884. Mwaka huohuo mwishoni Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni, alikuwa Usagara na Uzigua anawawekesha machifu alama kwenye karatasi za Kijerumani ambazo hawawezi kuzisoma. Shikeni hiyo Uzigua, tutairudia.

Kufikia 1907 kile kiwanda kilikuwa na vijiti vya kusokotea nyuzi 240,000 na ndicho kikubwa kuliko vyote vya aina yake Ulaya bara. Sasa mashine kama hizo zinakula pamba kila siku ya Mungu na Ujerumani pamba haioti, nyingi ilitoka Marekani, kwa hiyo bei ikipanda kule wenye viwanda huku hawalali. Ndiyo maana 1896 ikaundwa kamati ya uchumi wa makoloni, na moja ya kazi zake kubwa ikawa kusukuma kilimo cha pamba Afrika. Kuanzia 1902, enzi za Gavana von Götzen, vijiji vya pwani na kusini ya Dar es Salaam vikalimishwa mashamba ya pamba ya pamoja, maakida na majumbe wanasimamia, malipo ya kudhalilisha, mashamba ya chakula yanabaki na magugu. Julai 1905 kule Umatumbi watu walianzaje vita? Waling'oa miche ya pamba. Kila aliyesoma shule Tanzania anaijua Maji Maji, Kinjikitile, Ngarambe, lakini tumefundishwa kana kwamba ile pamba ilikuwa adhabu tu ya kuwatesa watu, hatukuambiwa ilikuwa inasubiriwa wapi na nani.

Na hawa wa Leipzig hawakuishia kusubiri. Miaka michache kabla ya Vita ya Kwanza kampuni yenyewe ya Spinnerei ilianzisha mashamba yake ya pamba Saadani. Ndiyo, Saadani hiihii ya hifadhi, ya simba na ufukwe, katika hiyo Uzigua niliyosema mshike. Saadani ya Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani 1889 mpaka 1890. Yaani ardhi ambayo watu waliipigania, haijapita hata miaka ishirini inalimwa pamba ya kiwanda cha Leipzig. Vita ya Kwanza ilipokuja koloni likaenda na mashamba yakaenda.

Sasa nikishaeleza hivi kuna wanaoruka upande wa pili, "kumbe Leipzig imejengwa kwa pamba yetu!" Hapana jamani, nayo siyo. Pamba yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani haikuwahi kufika hata asilimia moja ya mahitaji ya viwanda vya Ujerumani. Na hilo ndilo linaniumiza zaidi ukitaka kujua, kwamba mateso yote yale na watu wote wale waliokufa vitani na kwa njaa iliyofuata, wengi wanakadiria laki mbili na nusu hadi laki tatu, viwanda hata havikushiba.

Kwa hiyo ukifika pale, kabla hujaingia galari yoyote, zunguka kwanza uani, tazama ukubwa wa yale majengo ya matofali mekundu, tembea taratibu, fikiria marobota yanavyoingia. Hivyo ndivyo naanza na kila kundi na sitabadilisha hata wakinung'unika kuna baridi.

"Kiwanda cha nguo"

Spinnerei maana yake mahali pa kusokota. Pamba inaingia, nyuzi zinatoka. Kufuma kitambaa ni kiwanda kingine.

"Palikuwa gofu, wasanii wakapafufua"

Hii nayo! Pale palikuwa mji kamili, wafanyakazi wana nyumba za kampuni, chekechea, vibustani vya mboga. Baada ya Vita ya Pili kikawa cha serikali ya Ujerumani Mashariki, na zama hizo walifanya kazi watu hadi 4,000, wengi wao wanawake. Halafu ikaja 1990, nchi ikaungana, sarafu ikabadilika usiku mmoja, masoko ya zamani yakapotea, na kufikia 1993 usokotaji wa pamba ulikuwa umekwisha. Kazi ndogo ya nyuzi za matairi ikaendelea mpaka kama 2000. Wasanii wa kwanza waliingia mapema miaka ya 90 kama wapangaji, kwa hiyo kwa miaka kadhaa mchoraji na mashine walikuwa ndani ya uzio mmoja. Gofu liko wapi hapo? Ukisema gofu unawafuta wale mama waliosimama kwenye mashine miaka thelathini, na baadhi yao bado wanaishi mitaa hiyohiyo ya Plagwitz na Lindenau.

"Neo Rauch ndiye aliyepaanzisha"

Huyo ni mchoraji maarufu wa Leipzig, ana studio pale tangu miaka ya 90 na jina lake limevuta watu sana, sawa. Lakini wenye mali wa sasa walinunua 2001, Halle 14, jengo mojawapo la pale, ikaanza kazi yake ya sanaa isiyo ya biashara 2002, galari kubwa kama Eigen+Art zikahamia 2005. Ni watu wengi, na wengi hamtawajua majina.

"Basi na sisi tujaze wasanii Urafiki"

Wageni kutoka Dar lazima waseme hili, wanamaanisha kile kiwanda cha nguo cha Urafiki kule Dar. Sikilizeni, Leipzig ilikuwa na watu zaidi ya 500,000 mwaka 1989, kufika 1998 wako chini ya 450,000, nyumba tupu kila mtaa, kodi karibu na bure. Ina chuo cha sanaa tangu 1764 kinachotoa wachoraji kila mwaka wanaotafuta chumba chenye mwanga na sakafu ya kubeba mzigo, na jengo la kusokotea lina vyote viwili. Na wenye mali waliacha kodi za studio ziwe za chini kwa makusudi. Dar chumba kikiwa wazi wiki moja tu kimepata mtu. Mkitaka kufikiria Urafiki anzeni na waliofanya kazi Urafiki, waulizeni wao kwanza.

Kuingia uani na kwenye galari nyingi hakuna kiingilio, mnaniuliza kila siku. Shukeni na tramu namba 14 stesheni ya Plagwitz, galari nyingi ni Jumanne hadi Jumamosi. Zile siku za Rundgang, galari zote zinapofungua maonesho mapya kwa pamoja, watu ni wengi mno, mi nakushauri uje Jumatano ya kawaida asubuhi, uani hakuna mtu.