Wati Si Ukubwa wa Sauti

Katika vibanda vya mafundi wa redio pale Kondele, Kisumu, na katika maduka ya vifaa vya umeme mjini Nakuru, mteja anayetafuta spika huanza kwa swali lile lile: ni wati ngapi? Jibu huja bila kusita, mia tano, elfu moja, wakati mwingine elfu kumi na mbili, na biashara huendelea kana kwamba pande zote mbili zimeelewana. Siku hizi swali hilo huwafikia hata wale wachache wanaojiundia nyumbani amplifaya za valvu, zile chupa za kioo zilizokuza sauti kwenye redio za zamani kabla ya transista, ambao wakisema kwamba chombo chao kinatoa wati 5 huonewa huruma, kisha hujitetea kwa jibu lililo baya kuliko swali lenyewe: kwamba wati za valvu ni kubwa kuliko wati za transista. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno.

Wati ni kipimo cha kasi ambayo nishati inatumika au inabadilishwa umbo, yaani jouli 1 kwa kila sekunde. Maana yake ni hiyo tu. Kipimo hiki kilipewa jina la James Watt, Mskoti aliyeboresha injini za mvuke, baada ya Carl Wilhelm Siemens kukipendekeza kwa wanasayansi wa Uingereza mwaka 1882, na nguvu farasi moja ya Kiingereza ni takriban wati 746. Kwa hiyo asili yake iko kwenye mitambo, na kinapima kwa haki ile ile kazi ya pampu, ya taa na ya birika la umeme. Hakuna mahali popote katika maana hiyo ambapo sikio la mwanadamu limetajwa.

Utata huanza kwa sababu neno hilo moja huandikwa juu ya vifaa vya muziki likisimamia mambo matatu yasiyofanana. Nyuma ya amplifaya, karibu na waya wa stima, huonyesha umeme ambao chombo kinavuta ukutani. Katika maelezo ya amplifaya hiyo hiyo huonyesha umeme inaoweza kuupeleka kwenye spika. Juu ya sumaku ya spika huonyesha kitu cha tatu kabisa, nacho ni kiasi cha umeme ambacho koili yake, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma koni, inaweza kustahimili bila kuungua. Spika haitoi wati hizo. Maandishi hayo ni sawa na yale ya matatu yanayosema abiria 14: yanaeleza gari linaruhusiwa kubeba wangapi, lakini hayamleti abiria hata mmoja stendi. Spika iliyoandikwa wati 500 ikiunganishwa na amplifaya ya wati 20 itapata wati zisizozidi hizo 20, na huenda ikasikika chini kuliko spika ndogo iliyoandikwa wati 60.

Kuhusu zile elfu kumi na mbili zinazochapishwa kwenye makasha ya wufa zikifuatwa na herufi PMPO, yaani kilele cha nguvu ya muziki, hesabu ya darasani inatosha. Stima yetu ni ya volti 240, na soketi ya ukutani ni ya ampia 13, kwa hiyo soketi hiyo haipaswi kutoa zaidi ya wati 3,120. Wati 12,000 zingehitaji ampia 50, na fyuzi ya plagi ingekatika kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Atakayesema kwamba hizo ni wati za kufumba na kufumbua, zinazotoka kwenye akiba ya kapasita, atakuwa amekubali hoja yangu, kwa kuwa muziki hausikilizwi kwa kufumba na kufumbua. Herufi hizo hazina kanuni moja ya upimaji inayokubalika, na kila kiwanda hujiandikia kinachokipendeza.

Turudi kwenye valvu. Chukua valvu iitwayo EL84, ambayo iliwahi kutumika katika redio nyingi za mezani kutoka Ulaya na ambayo wajenzi wa nyumbani wanaipenda kwa kuwa ni rahisi kuihudumia. Ikitumika peke yake katika daraja A, yaani mkondo ukipita ndani yake muda wote, kwa volti 250 na miliampia 48, inakula wati 12 kwenye anodi, bamba lake linalopokea mkondo huo, na juu ya hapo uzi wake wa kuipasha joto unakula karibu wati 5 kwa volti 6.3. Kutokana na wati hizo 17, spika inapata takriban 5, na zilizobaki zinakuwa joto ambalo yeyote aliyewahi kukaribisha mkono analijua. Wati hizo 5 ni jouli 5 kwa sekunde, kama zingekuwa zimetoka kwenye transista, jenereta au betri ya gari. Hakuna wati nene na wati nyembamba.

Wanaodai kwamba za valvu ni kubwa, hata hivyo, wanasikia jambo la kweli na kulipa sababu isiyo yake. Amplifaya nyingi za transista hubaki safi hadi mwisho wa uwezo wake, kisha hukata vilele vya wimbi ghafla, na sikio hukereka papo hapo. Amplifaya nyingi za valvu, hasa zile zenye mrejesho mdogo (sehemu ya sauti inayotoka inayorudishwa mwanzoni ili kusahihisha makosa), huanza kuvilainisha vilele hivyo mapema na polepole, kwa hiyo msikilizaji huongeza sauti kupita kipimo kilichotajwa bila kugundua kwamba amekipita. Anachokifurahia wakati huo ni upotoshaji mpole. Simlaumu anayeufurahia, kwani baadhi ya magitaa tunayoyapenda yasingekuwa na utamu bila huo, lakini upotoshaji si wati za ziada.

Sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi, haimo kabisa ndani ya amplifaya. Iko kwenye usikivu wa spika, yaani idadi ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, zinazopimwa umbali wa mita 1 spika ikipewa wati 1. Ukiongeza umeme maradufu unapata desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini isiyomshtua mtu. Ukitaka sauti isikike kama imekuwa mara mbili unahitaji takriban desibeli 10, na desibeli 10 ni umeme mara kumi. Kwa hiyo amplifaya ya wati 5 kwenye spika ya desibeli 96 inafika desibeli 103, na amplifaya ya wati 50 kwenye spika ya desibeli 86 inafika desibeli 103 zile zile. Aliyejenga amplifaya ya valvu kwa kawaida ametafuta pia spika zenye usikivu mkubwa, kisha sifa zote akaipa valvu. Ikumbukwe pia kwamba hata spika ya desibeli 92 hugeuza kama asilimia 1 tu ya umeme wake kuwa sauti, na asilimia 99 huishia kuipasha koili joto.

Usikivu huo nao hauji bure. J. Anton Hofmann, ambaye jina lake ndilo H katika kampuni ya spika ya KLH ya Marekani, alihusianisha mambo matatu: udogo wa boksi, kina cha besi na usikivu, ukichagua mawili utalipia kwa la tatu. Ndiyo maana subwufa nyingi za magari, zenye koni nzito ili zishuke chini ndani ya boksi dogo, hulemea amplifaya ndogo ya valvu, ilhali spika kuukuu ya disko ya inchi 15 katika boksi la plaiwudi linalomfikia mtu kifuani hujaza sebule kwa wati moja au mbili. Ukilinganisha spika, angalia pia mtego mmoja: viwanda vingi hupima kwa volti 2.83, ambazo ni wati 1 kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) lakini ni wati 2 kwenye omu 4, na kwa njia hiyo spika ya omu 4 hujipatia desibeli 3 ambazo haikuzifanyia kazi.

Kuuliza wati, basi, si kosa. Swali limeachwa nusu tu. Mteja wa Kondele anaweza kulimalizia kwa kuuliza ni wati ngapi mfululizo, kwa omu ngapi, na spika hizo zinatoa desibeli ngapi kwa wati moja. Na mjenzi wa valvu akiulizwa na jirani kwa nini chombo chake kidogo kinasikika hadi barabarani, anaweza kujibu kwa upole kwamba wati zake ni tano za kawaida, ila spika zake ni za desibeli 96.