Huduma za papo kwa papo katika mtandao wa magari: maana yake

Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kila sekunde linakata karibu mita 28. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu katika mada hii.

Mtandao wa magari ni mawasiliano ya redio kati ya gari na gari, gari na taa za barabarani, au gari na mnara wa simu. Si kila kinachopita humo kina haraka. Ramani mpya inaweza kupakuliwa usiku gari likiwa limeegeshwa, na hakuna atakayedhurika ikichelewa. Lakini gari la mbele likifunga breki ghafla, taarifa yake ina uhai mfupi sana. Ikilifikia gari la nyuma ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, gari hilo limesogea chini ya mita 3. Ikifika baada ya sekunde 2, limesogea mita 56, na onyo hilo ni sawa na abiria anayemwambia konda "shusha" wakati kituo kimeshapita. Huduma ambayo taarifa yake ikichelewa haina kazi tena, ndiyo tunayoiita ya papo kwa papo.

Watu wengi huichanganya na intaneti yenye kasi. Intaneti inaweza kubeba mzigo mkubwa wa data na bado ikachelewa kuanza kujibu. Ukiwa unatazama video hutaona tatizo, kwa sababu simu hujiwekea akiba ya sekunde kadhaa mbele. Onyo la breki haliwezi kuwekewa akiba. Wala wastani mzuri hautoshi: mtandao unaofikisha ujumbe haraka mara nyingi, kisha ukakwama pale pale penye hatari, haufai kwa kazi hii.

Suluhisho mojawapo ni kuacha kabisa kupitia kwenye mnara. Kiwango cha kiufundi kiitwacho 802.11p, yaani kanuni za redio za magari zilizokamilishwa mwaka 2010, hutumia masafa ya gigahertz 5.9, na magari huongea moja kwa moja bila kwanza kuunganishwa kama simu inavyojiunga na waifai. Volkswagen Golf ya kizazi cha nane, iliyozinduliwa mwaka 2019, iliingia sokoni Ulaya ikiwa na teknolojia hiyo, yenye uwezo wa kufika hadi mita 800. Gari hutangaza mahali lilipo, linakoelekea na mwendo wake, kati ya mara 1 na mara 10 kwa sekunde, na hutangaza mara nyingi zaidi linapobadili mwendo au kukata kona. Jambo ninalolipenda sana katika ubunifu huu ni kwamba tangazo la namna hiyo likipotea, halirudiwi. Hakuna anayelijibu kuthibitisha kwamba limefika. Intaneti ya kawaida ingelituma tena. Hapa ujumbe mpya uko njiani tayari, na wa zamani ungeeleza mahali ambapo gari halipo tena.

Taabu huanza kwenye foleni. Mamia ya magari yanagombea masafa yale yale, na kila redio hulazimika kusikiliza kwanza kabla ya kusema. Ndiyo maana magari hupunguza idadi ya matangazo kadiri hewa inavyojaa, na maonyo ya hatari hupewa nafasi ya mbele. Kila ujumbe pia una saini ya kidijitali ya kuhakikiwa, na uhakiki nao unakula muda.

Huduma zinazopitia mtandao wa simu zina tatizo jingine: umbali. Mwanga ndani ya nyaya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi tu ni sehemu nzima ya kumi ya sekunde, kabla haijafanya kazi yoyote. Kwa hiyo seva husogezwa karibu na minara.

Tanzania tuna mfumo wa kufuatilia magari, VTS, ambao LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, huutumia kufuatilia mwenendo wa mabasi. Ni mtandao wa magari wa kweli na una faida yake, lakini basi linaripoti kwa msimamizi. Basi linalolifuata kwa nyuma halisikii chochote. Ni vizuri tusichanganye mambo hayo mawili.

Kikwazo kikubwa bado ni kwamba onyo humfaa mwenye redio pekee. Marekani ilitenga megahertz 75 za masafa kwa ajili ya magari mwaka 1999. Magari yaliyozitumia yalikuwa machache, na mwaka 2020 tume ya mawasiliano, FCC, ikaamua zibaki 30. Ikaamua pia kuiacha teknolojia ya zamani, ile ya 802.11p, na kuchukua C-V2X, inayotokana na mitandao ya simu. Redio za aina hizo mbili hazielewani, hata magari yakifuatana barabara moja.