Stafeli haliponyi saratani

Kwenye magrupu ya Mtwara na Lindi ujumbe ni uleule miaka yote: stafeli lina nguvu mara 10,000 kuliko dawa za saratani za hospitali, na wenye viwanda wanaficha. Basi majani ya mstafeli wa uani yanachemshwa, mgonjwa ananyweshwa asubuhi na jioni.

Namba hiyo ina asili yake. Ilitoka kwenye jaribio la maabara la miaka ya 1990. Kemikali ya mbegu za stafeli (mbegu, si majani) iliwekwa kwenye seli za saratani zilizooteshwa kwenye kisahani, zikafa. Lakini kwenye kisahani hata sabuni huua seli. Kazi ngumu ni dawa kuufikia uvimbe ndani ya mtu bila kuharibu viungo vizima, na stafeli halijathibitishwa hivyo kwa wagonjwa. Wala hakuna kilichofichwa, matokeo yalichapishwa.

Kuna upande ambao ujumbe hauusemi. Utafiti wa Guadeloupe, huko Karibea, uliochapishwa 1999, ulihusisha ulaji mwingi wa stafeli na chai ya majani yake na ugonjwa wa ubongo unaofanana na Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili). Haijathibitika kuwa ndiyo chanzo, na tunda la mara mojamoja mimi nalila. Chai ya kila siku kwa miezi ni habari nyingine.

Ukiletewa ujumbe huo, uliza: walipimwa watu au seli? Kama hausemi, usiusambaze. Na mwenye mgonjwa amweleze daktari anachomnywesha, wala asikatishe matibabu.