Mashujaa wa Filamu za Katuni na Asili Zao: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Miles Morales ni Spider-Man yuleyule, ila amepakwa rangi nyeusi.

Madai haya hayana msingi. Miles aliingia katika vitabu vya vibonzo vya Marvel mwaka 2011, akiwa amebuniwa na mwandishi Brian Michael Bendis na mchoraji Sara Pichelli, katika mfululizo ambao Peter Parker wake, yaani Spider-Man wa awali, alikuwa amekwisha kufa. Peter wa mfululizo mkuu aliendelea na maisha yake bila kuguswa. Katika filamu ya mwaka 2018, Spider-Man: Into the Spider-Verse, kijana huyo wa Brooklyn anakutana na Peter mwingine kutoka ulimwengu mwingine, ambaye anakuwa mwalimu wake. Hakuna aliyenyang'anywa nafasi.

Dhana: Mashujaa wasio wazungu ni mtindo wa juzi.

Kampuni ya vitabu vya vibonzo ya Milestone ilianzishwa mwaka 1993 na wasanii weusi wa Marekani, Dwayne McDuffie akiwa mmoja wao, na shujaa wao kijana, Static, alipata mfululizo wake wa katuni kwenye televisheni kuanzia mwaka 2000 hadi 2004. Kilichochelewa ni fedha za kuwafikisha mashujaa hao kwenye majumba ya sinema.

Dhana: Filamu hizi haziuzi.

Filamu ya Miles ilitengenezwa kwa takribani dola milioni 90 na kuingiza zaidi ya milioni 370 duniani. Ile iliyoifuata mwaka 2023 ilivuka milioni 680. Big Hero 6 ya Disney, ambayo shujaa wake Hiro ana asili ya Kijapani, ilitoka mwaka 2014 na kuingiza zaidi ya milioni 650.

Dhana: Sura nyeusi ikionekana kwenye bango, uwakilishi umekamilika.

Hii ndiyo dhana inayopotosha zaidi, kwa kuwa hata wapenzi wa filamu hizi huishikilia. Chukua The Incredibles ya mwaka 2004. Frozone ni shujaa mweusi anayependwa, na pale anapozozana na mkewe kuhusu vazi lake la kazi pamechekesha wengi, nami nikiwemo. Hata hivyo, mke huyo husikika tu kutoka chumba kingine bila kuonekana, ilhali familia ya mashujaa wakuu tunaijua hadi ugomvi wao wa mezani. Miles, kinyume chake, ana baba askari polisi na mama muuguzi mwenye asili ya Puerto Rico, na Kihispania kinachozungumzwa nyumbani kwao hakikuwekewa tafsiri kwenye skrini.

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Mwigizaji wa filamu ya kawaida huja na ngozi yake na nywele zake, lakini katika katuni kila unywele, na kila namna mwanga unavyolala juu ya ngozi, ni uamuzi wa mtu fulani aliyeketi mbele ya kompyuta. Mtu ambaye hajawahi kuzitazama kwa makini nywele za kipilipili huenda akazichora kama kofia. Kwa hiyo haitoshi kuuliza nani amechorwa. Tuulize pia nani alichora, na nani alikuwa na mamlaka ya kusema picha irudiwe. Peter Ramsey, mmoja wa waongozaji watatu wa filamu ya mwaka 2018, alikuwa mwongozaji wa kwanza mweusi kushinda Oscar ya filamu bora ya katuni, mwaka 2019.

Dhana: Afrika inasubiri kuchorwa na wengine.

Mwaka 2023 Netflix ilitoa Supa Team 4, mfululizo wa Malenga Mulendema wa Zambia kuhusu wasichana wanne wa Lusaka. Mwaka huohuo Disney ilitoa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi kumi za wabunifu wa Kiafrika, wakiwemo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda, Ramsey akiwa mzalishaji mtendaji. Studio ya Triggerfish ya Cape Town ilihusika katika kazi zote mbili. Kasoro ni kwamba zote ziko nyuma ya malipo ya kila mwezi, na kwa kaya nyingi za nchi walikotoka wabunifu hao, hilo ni geti lililofungwa. Katika hili Super Sema, katuni ya msichana shujaa wa Kiafrika iliyoanza kuonyeshwa YouTube mwaka 2021, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa wazalishaji wake, ilichagua njia iliyo karibu zaidi na watoto wenyewe.