Kumwachia Mungu hakumwondolei mwanachama wajibu wa kuuliza hesabu

Masoko ya tumbaku yanapoelekea ukingoni, malalamiko katika ofisi za ushirika mkoani Tabora huongezeka. Mkulima wa Urambo analeta karatasi ya malipo inayoonyesha makato makubwa kuliko mkopo wa pembejeo aliousaini. Mwenzake wa Sikonge ameuza marobota yake yote, chama kimelipwa, yeye anazungushwa. Kila anayekuja namwomba kwanza nakala ya barua aliyoipeleka kwa bodi ya chama chake. Wengi hawana. "Hatukuandika, afisa. Tumemwachia Mungu."

Kauli hiyo siidharau. Mkoa huu ni wa watu wa dini: Tabora mjini adhana inasikika tangu enzi za misafara, na Wamoraviani wako Urambo tangu mwaka 1898. Aliyedhulumiwa akimkabidhi Mola machungu yake, hilo ni lake na Mola wake. Lakini ndani ya chama cha ushirika mwanachama naye amekabidhiwa wajibu, na hana wa kumsukumia. Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, chama ni mali ya wanachama. Si cha Serikali, si cha Bodi ya Tumbaku, si cha chama kikuu, wala si cha mwenyekiti. Nalisema hili mkutano hadi mkutano, na bado husimama mtu akauliza Serikali itawalipa lini fedha zilizopotea kwenye AMCOS yao, yaani chama chao cha msingi cha ushirika cha kuuza mazao. Serikali haikuzichukua. Zilichukuliwa na mtu mliyemchagua wenyewe.

Na tunachaguaje? "Tulimpa uenyekiti kwa kuwa ni mzee wa kanisa." "Ni ustadhi, ndiye anayetusalisha." Ni sifa njema, na mimi kama muumini ningependa kila bodi iwe na watu wanaomwogopa Mungu hata siku mkaguzi hayupo. Shida inakuja baadaye. Mtu akishachaguliwa kwa ucha Mungu wake, kumuuliza stakabadhi kunaonekana ni kumvunjia heshima. Mkutano unafunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala, na katikati yake tunaambiwa mambo yanakwenda vizuri. Taarifa ya mapato na matumizi haisomwi. Anayeiulizia anaitwa mchochezi.

Dini zenyewe hazikufundisha hivyo. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni: mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na deni liandikwe liwe dogo au kubwa. Katika Injili ya Luka sura ya 16, wakili anaitwa na tajiri wake atoe hesabu ya uwakili. Mtume Paulo alipokusanya changizo hakutaka libebwe bila mashahidi. Waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8, unaeleza jinsi ndugu waliokubalika makanisani walivyohusishwa ili mtu asipate la kulaumu. Ikiwa Paulo hakudai aaminiwe hivi hivi, mwenyekiti wa AMCOS anadai kwa msingi upi?

Nitaje nilichokiona kwenye daftari moja la kugawia pembejeo. Chama sitakitaja, kwa kuwa suala lenyewe liko kwenye vyombo husika. Ukurasa una majina, idadi ya mifuko ya mbolea ya NPK, idadi ya mifuko ya mbolea ya UREA, na mwishoni sahihi au dole gumba. Majina yamefuatana ukurasa mzima kwa kalamu moja ya bluu, na sahihi zote zimelalia kushoto. Chini kabisa kuna madole gumba matatu, na yote yana kovu lililokatiza mahali palepale. Mmoja wa wenye majina hayo alikuwa ameshazikwa kabla msimu haujaanza. Mbolea ilitoka, deni likabaki kwa chama, na kwa kuwa mkopo ulikuwa wa dhamana ya pamoja, likakatwa kwenye fedha za waliouza tumbaku yao kihalali. Daftari lilikaa ofisini kwao msimu mzima. Hakuna mwanachama aliyeomba kulitazama.

Wizi wa namna hiyo hauanzii kwenye mbolea ya marehemu. Nimekaa na viongozi wengi waliodondoka, na simulizi zao zinafanana. Januari shule zimefunguliwa, ada ya mtoto haipo, kwenye kasha la chama kuna fedha. Anachukua laki mbili akiwa na nia ya kweli ya kurudisha soko likifunguliwa. Hakuna anayeuliza. Baadaye kuna msiba jirani, anatoa mchango mkubwa kutoka kasha lilelile, watu wanamsifu kwa mkono wazi. Swala zake hazikukatika, kwa sababu moyoni mwake hajaona kuwa ameiba, anajiona amekopa tu. Naomba hili lieleweke bila kuzunguka: kiongozi anayechukua fedha za chama bila idhini amekosa tangu shilingi ya kwanza, awe na nia ya kurudisha au asiwe nayo. Na ukarimu kwa fedha za wenzako ni dhuluma, hata kama aliyefiwa alikushukuru. Wazee wa hapa bado wanazikumbuka ahadi za TANU, na mojawapo ilisema cheo ni dhamana. Dhamana ni kitu cha mwenyewe, kinadaiwa.

Wanachama nao wasijitoe. Yupo aliyekopa pembejeo kwenye chama chake, kisha tumbaku akaitorosha na kuiuza chama jirani kwa jina la shemeji yake ili akwepe makato. Ijumaa anasimama safu moja na jirani aliyekatwa kulipia deni hilo, au Jumapili wanakaa benchi moja. Huyu naye amekula jasho la mtu. Akija kulalamikia bodi nitamsikiliza kwa heshima zote, ila na mauzo yake yatafunguliwa.

Vipo vyama vinavyomaliza upotevu wa fedha kwa kumwapisha mhusika kwa Msahafu au Biblia, kisha watu wanatawanyika wameridhika. Kiapo hakirejeshi fedha na hakifungi hoja ya mkaguzi. Tafadhali, tuache.

Utaratibu ni huu, na ninaomba usomwe taratibu maana ndipo wengi wanapopotea. Mwanachama anaanza kwa katibu au meneja wa chama, anaomba kuona hesabu yake: alichokopa, alichouza, alichokatwa. Asiporidhika anaandika barua kwa bodi. Barua itaje jina kamili, namba ya uanachama, msimu unaohusika, tarehe, kiasi kinacholalamikiwa, na iambatanishwe na vivuli vya stakabadhi. Stakabadhi halisi usimwachie mtu. Bodi isipojibu, au jibu lisipotosha, anakwenda kwa Afisa Ushirika wa halmashauri yake, awe Kaliua, Uyui, Nzega au kwingineko, akiwa na nakala ya barua ya kwanza. Kutoka hapo suala linaweza kufika mkoani kwa Mrajis Msaidizi, msaidizi wa Mrajis anayesajili na kusimamia vyama vya ushirika. Kuanzia redioni au kwenye mkutano wa hadhara wa mbunge hakufupishi njia hii. Wapo wanaopita huko kwanza, na tunapowaomba barua wanadhani tunamlinda mtu. Hatumlindi mtu. Bila maandishi hakuna cha kuchunguza.

Mrajis ana mamlaka ya kuagiza uchunguzi wa mwenendo wa chama na hali yake ya fedha. Ukaguzi wa nje wa hesabu kwa kawaida hufanywa na COASCO, shirika la umma la kukagua vyama vya ushirika, na taarifa yake ni ya wanachama, isomwe mbele yao. Kiongozi akithibitika kusababisha hasara anaweza kuamriwa kurejesha fedha kutoka mfukoni mwake mwenyewe, si kutoka kwenye chama. Anaweza pia kuondolewa madarakani, na penye jinai jalada linakwenda kwenye vyombo vya uchunguzi. Kurejesha fedha peke yake hakufuti jinai. Wapo wanaodhani wakilipa kimyakimya yamekwisha.

Kuhusu hongo, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inawabana mtoaji na mpokeaji pia. Ilipotungwa iliweka faini ya kati ya shilingi 500,000 na 1,000,000, au kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote viwili. Kwa hiyo mkulima anayetoa "ya soda" ili marobota yake yatangulie mzanini asije kusema yeye ni mwathirika tu. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ya kutolea taarifa ni 113, na kupiga ni bure.

Limebaki moja ambalo mikutano mikuu huliharakisha kuliko yote: ukomo wa madeni. Kabla chama hakijakopa pembejeo za msimu ujao, mkutano mkuu ndio unaopitisha kiwango cha juu cha kukopa, na Mrajis ndiye anayekiidhinisha. Kiwango hicho ndicho kesho kitakachokatwa kwenye tumbaku yako. Nimeona kikipitishwa kwa makofi saa nane mchana, watu wakisubiri chakula. Kabla ya kunyoosha mkono, uliza deni la msimu uliopita limebaki kiasi gani, nani anadaiwa, na makisio ya hekta yametoka wapi. Ukiona umejibiwa kwa mkato, omba swali lako liingizwe kwenye muhtasari wa mkutano kwa jina lako.

Barua yoyote unayoipeleka chamani iandike nakala mbili. Moja iache kwa katibu, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani.